Shangazi Hajaambiwa

Tangu nirudi kutoka Mbagala mmeniuliza watu wanne yaliyonikuta huko, na kila mmoja nimemjibu "ni stori ndefu, nitakupa." Sikumpa mtu. Basi naiandika yote mara moja, maana nikiwapa kipandekipande mtaipotosha, nawajua. Na asianze mtu kucheka kwamba kutoka Tegeta hadi Mbagala nako kunaitwa safari. Nimewahi kwenda Morogoro nikarudi siku ileile na usingizi wa mchana nikapata. Hii ya Mbagala nilitoka nyumbani baada ya chai, nikafika jua limeshageuka kuelekea Alasiri. Na kabla ya hapo ilinichukua siku thelathini na tano kupata moyo wa kuianza.

Wengine mlikuja kuzika, wengine mlituma pole. Mama alifariki Ijumaa alfajiri, hospitali, na siku hiyohiyo baada ya swala tukampeleka makaburini. Nikiwa kwenye benchi la korido, macho makavu, nilitafuta kwenye simu tanzia ya jirani yetu aliyefariki mwaka uliotangulia. Nikafuta jina lake, nikaweka la mama, nikabadilisha saa ya mazishi, nikaituma kwenye grupu la familia. "Familia inasikitika kutangaza kifo cha Bi. Zuhura binti Salum." Hapo hakuna neno langu hata moja. Kisha nikawa natazama nani ameuona ujumbe. Jina la Shangazi Mwanahawa lilipotokea kati ya waliouona, nikashusha pumzi.

Shangazi ndiye dada pekee wa marehemu baba. Yeye na mama walikuwa mawifi wa kutaniana kutwa, mtu asiyewajua angedhani wanagombana. Waliwekeana ahadi ambayo sisi watoto tuliisikia tangu wadogo: atakayetangulia, mwenziwe ndiye atakayemwosha. Ijumaa ile tulimsubiri. Nikapiga simu mara tatu, inaita haipokewi. Muda ukatubana. Mama akaoshwa na wanawake wa msikitini, watu wema kabisa, ila hawakuwa wakimjua.

Siku ya tano binamu yangu akakutana na Shangazi sokoni Tandika, akampa pole. Shangazi akamuuliza, "Pole ya nini?" Ndivyo alivyojua. Alisimama pale na kikapu chake kitambo, halafu akasema maneno ambayo binamu alinifikishia kama yalivyo: "Mwambie Idi mie sijaambiwa. Wifi yangu mzima, mpaka mtu aje aniambie."

Nikangoja hasira yake ipoe. Kisha nikaona haya. Nikangoja na haya nayo ipoe, haikupoa. Arobaini ikakaribia, zikabaki siku chache. Mtu aliyemjua mama kuliko sote asipokuwapo, hiyo arobaini ya nani? Jumamosi nikavaa kanzu na kofia, nikatoka.

Tegeta mpaka kwenye turubai la watu

Gari lilikuwa gereji, nikachukua bajaji. Mkononi nilikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, nimeiviringisha kwenye khanga ya mama. Mbuzi hiyo ni mali ya Shangazi. Mama aliiazima kabla sijaanza shule, hakuirudisha mpaka anakufa, na kila Shangazi alipokuja kwetu swali la kwanza lilikuwa, "Mwizi yupo?" Mguu mmoja wa mbuzi hiyo ulikuwa umelegea. Sikutaka kwenda mikono mitupu, na sikujua kitu kingine cha kumpelekea.

Dereva aliitwa Athumani, wa umri wangu hivi. Simu yake aliifunga mbele, inampa maelekezo kwa sauti ya mwanamke. Tulipofika penye foleni, yule mwanamke akasema tukate kushoto.

"Barabara si hii hapa?" nikamuuliza.

"Imejaa mbele, braza. Huyu anaona mbali kuliko sie."

Tukakata kushoto, tukaingia mitaa ya ndani Mbezi. Kulia, kushoto, kulia tena, hadi tukafika mahali njia imezibwa kabisa. Turubai limetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta, chini yake viti vya plastiki, na masufuria matatu makubwa yanafuka moshi. Msiba. Yule mwanamke kwenye simu anasema, "Endelea moja kwa moja."

Athumani akaanza kugeuza, lakini nyuma yetu walikuwa wameshaingia wengine wawili waliodanganywa na mwanamke huyohuyo. Mama mmoja mnene, mwiko mkononi, akaja mpaka ubavuni kwangu. Ameniona na kanzu.

"Kaka yangu karibuni. Mmetoka mbali? Teremkeni, chakula ndiyo kwanza kinapakuliwa."

Nikaanza kumweleza kwamba sisi tunapita tu. Akaniangalia akanishangaa.

"Unapita katikati ya msiba bila kukaa?"

Sasa mtanijibu nyinyi, hapo mtu anasema nini? Tukateremka. Nikapewa sahani ya wali na mchuzi wa nyama, nikakaa karibu na bwana mmoja mwembamba aliyevaa shati la mikono mirefu lililofungwa hadi shingoni. Marehemu alikuwa kaka yake. Alinieleza ugonjwa ulivyoanza, walivyohangaika, alivyokuwa akipenda mpira na kuzima redio timu yake ikifungwa. Hakujua mimi ni nani, wala hakuuliza. Alikuwa anahitaji mtu wa kumwambia, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Alipomaliza akafuta mikono, akaniuliza kwa upole:

"Na wewe, wazee wako? Mama yupo?"

Wali ulikuwa mdomoni. Nikameza.

"Yupo Tegeta," nikasema.

"Mshukuru Mungu. Msalimie sana."

"Nitamsalimia."

Kaburi lake liko Tegeta, kwa hiyo mtu anaweza kusema sikusema uongo. Lakini niliinuka pale nimeacha nusu ya wali, na Athumani akaniuliza kama chakula kimenidhuru. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza habari za mama uso kwa uso tangu tumzike. Waliokuja msibani walikuwa wameshasoma; walinishika mkono wakasema pole, nami nikasema ahsante. Hakuna aliyelazimika kuniuliza, na mimi sikulazimika kujibu.

Mwenge

Athumani hakutaka kwenda zaidi ya Mwenge, akanishusha. Nikasema niingie kwa wachonga vinyago, labda mmoja atanigongea ule mguu wa mbuzi. Nilipoifungua khanga tu, kijana mmoja wa kibandani akapiga mluzi.

"Mzee wangu, hii unaiuza?"

"Siuzi. Mguu umelegea, nataka unikazie."

"Hii mninga wa zamani hii. Wageni wanapenda hizi. Tena hapo palipochakaa pa kukalia ndipo wanapopapenda." Akawa anapapapasa pale pa kukalia, pamelainika kwa miaka ya mama kukaa. "Tunaipaka rangi ya viatu, inakuwa ya miaka mia."

Nikamwambia ni ya shangazi yangu na inarudi kwake kukuna nazi. Akasikitika kwa dhati, kama nimemwambia naenda kuichoma kuni. Kukaza mguu alikataa. Alisema yeye ni msanii, misumari nipeleke Keko.

Nilikuwa naelekea Keko hata hivyo, kwa kuwa wakati huo nilidhani Shangazi bado anakaa huko, chumba cha nyuma ya karakana za samani. Nikanunua mihogo ya kukaanga na kachumbari, nikala nimesimama. Yule dada muuzaji alikuwa anaongea na mtu kwenye simu, akaniwekea pilipili bila kuniuliza, nikalia machozi ya pilipili pale barabarani. Naungama kwamba yalinipa nafuu.

Daladala ya kutoka Mwenge sitawachosha nayo, mnaijua. Niseme tu kwamba nilimsalimia jirani yangu wa kiti, "Habari za saa hizi," kama tulivyofundishwa, na hakunisikia kwa vile masikio yake yalikuwa yamezibwa na vidude vyake vya simu. Nikajisikia mnyonge kwa muda. Halafu nikakumbuka vya kwangu vipo mfukoni mwa suruali, ndani ya kanzu, na wameshapita watu wangapi wamenisalimia mimi nisisikie.

Keko

Keko nilitafuta ile njia ya kuingilia nyuma ya karakana, sikuiona. Mara ya mwisho kwenda nilikuwa na mama, miaka sita nyuma. Miaka sita! Katikati hapo Shangazi nilikuwa "namwona" kila siku, jina lake lipo kwenye grupu, napokea picha za maua za Ijumaa Karim kutoka kwa namba yake, nami najibu kwa alama ya mikono miwili iliyounganishwa. Nilidhani hayo ni mawasiliano.

Mbele ya karakana moja kulikuwa na vitanda vimesimamishwa barabarani, na fundi anapiga randa, maranda yamemjaa ndevuni. Alikuwa Seba, mtu wa Songea, jirani wa zamani wa Shangazi. Nilimkumbuka kwa kicheko chake. Yeye hakunikumbuka mpaka nilipoifungua ile mbuzi.

"Hii si ya Bi. Mwanahawa? Ile aliyoibiwa na wifi yake?"

Hata Keko wanajua! Akaniletea kigoda, akaagiza chai ya tangawizi kwa mama wa jirani, akauchomoa ule mguu. Huku anaukwangua akanieleza kwamba Shangazi alihama zaidi ya mwaka, yuko Mbagala kwa binti yake. Huenda mama alijua; mimi sikuwahi kumuuliza.

"Mbona simu yake haipokewi?" nikauliza.

Fundi Seba akauweka chini ule mguu. Akaingia ndani, akatoka na simu. Niliitambua kwa lile kava la kijani, maana niliinunua mimi mwenyewe, nikamwekea Shangazi kila kitu, nikamwingiza kwenye grupu, nikajisifu nyumbani kwamba sasa Shangazi yuko karibu.

"Alinipa siku anahama," akasema. "Alisema, 'Mie macho yangu hayaoni humo, wewe yako imeibiwa, chukua.' Yeye hana simu nyingine."

"Kwa hiyo yale maua ya Ijumaa..."

"Nilikuwa natuma mie. Nilijua Waislamu mnapenda."

Mtanisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka yule mama wa chai akageuka. Mwaka mzima nimebadilishana salamu za Ijumaa na Mkatoliki wa Songea nikidhani ni damu yangu. Kicheko kilipokwisha, nikamuuliza lile nililolijia bila kujua.

"Fundi, ile tanzia uliiona?"

"Niliiona, kaka. Lakini humo kila wiki mnaweka tanzia, na zote zinafanana. Imeandikwa Bi. Zuhura binti Salum. Mie Bi. Zuhura simjui. Mie namjua Mama Idi." Akaupuliza mguu wa mbuzi vumbi litoke. "Ungeandika Mama Idi kafa, ningeenda Mbagala kwa miguu."

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu wakati ule ule. Mkono wangu ukaifuata wenyewe, naapa sikuutuma. Ni mtu wa kazini. Nikawa nasoma, nikasikia kimya. Fundi alikuwa ameweka chini nyundo yake, ananitazama, anasubiri.

"Maliza kwanza," akasema. "Nilikuwa nakwambia kitu."

Hapo nilimwona mama. Simaanishi mzimu, mnanijua mimi si mtu wa mambo hayo. Nilimwona alivyokuwa akifanya. Alikuwa akianza kunieleza jambo jikoni, akiona macho yangu yamekwenda kwenye simu, anakatisha katikati na kungoja. Hakuwa akigomba. Angegomba ningejua pa kushika. Nikiinua uso na kumwambia, "Ndiyo mama, endelea," anatikisa kichwa, anasema, "Basi, si kitu." Mara ngapi? Sikuwa nahesabu. Nakaa siku hizi naitamani hata moja katika hizo si-kitu zake, iwe ni bei ya nyanya, iwe ni ndoto aliyoota, iwe ni malalamiko juu yangu. Nina kiu ya kumsikia hadi kifua kinauma. Nilimkosa wakati yupo, naye amekaa mbele yangu anachambua mchele.

Nikazima simu. "Endelea, fundi," nikasema.

Yeye aliendelea, Mungu ambariki. Alichotaka kuniambia ni hiki: "Siku ile nilikuta simu zako tatu. Mashine ilikuwa inanguruma, sikusikia. Nikasema huyu ana jambo, atapiga tena. Nikaiweka simu hapa kwenye meza kutwa nzima. Hukupiga."

Ni kweli. Sikupiga tena. Jina lilikuwa limeshaonekana kwenye orodha.

Keko mpaka Mbagala

Nilitoa simu nimwambie aniwekee mahali Shangazi anapokaa kwenye ramani. Fundi akakataa kwa kichwa. "Haupo humo mtaa wenyewe. Sikiliza. Shuka Rangi Tatu, vuka. Fuata njia ya mashine ya kusaga mpaka uone kisima chenye foleni ya ndoo. Hapo usiulize Bi. Mwanahawa, hawamjui. Ulizia Bibi Vitumbua. Mlango wa bluu, niliutengeneza mie."

Ukishashuka, mambo manne tu. Zamani mama alikuwa akinituma dukani na mambo matano, chumvi, mafuta ya taa, kibiriti, sabuni ya mche, chenji urudishe, nami nikikimbia nayakariri njia nzima ili yasidondoke. Nilikuwa na miaka saba. Sasa nina arobaini na nne na cheo kazini, na kabla basi halijafika Mtoni nilikuwa nimeshapoteza moja. Nilikumbuka kisima, nikakumbuka bluu, nikakumbuka vitumbua. Nikashuka Rangi Tatu nimesimama na kifurushi changu, sijui kisima chenyewe nakifikiaje.

Nikaanza kuuliza watu. Mnajua nilikuwa sijauliza mtu njia kwa miaka mingapi? Wa kwanza alinituma kulia, wa pili akasema wa kwanza mwongo, akanirudisha. Wa tatu, muuza miwa, hakunijibu mpaka nilipomsalimia vizuri. "Kaka, anza na salamu," akaniambia, "miwa haikimbii." Nikamsalimia, akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Tegeta, akasema Tegeta ana mdogo wake anajenga. Ndipo akanipa lile lililonipotea: mashine ya kusaga.

Kisimani kulikuwa na wanawake sita. Nikatoa salamu, nikauliza kwa Bibi Vitumbua. Wakanitazama kanzu, wakatazama kofia, wakatazama kile kifurushi cha khanga nilichokikumbatia. Mmoja akamkanyaga mwenzake mguu.

"Unatoka kwa nani, baba?"

"Natoka Tegeta. Nina ujumbe kwa bibi. Jambo la kifamilia, nimechelewa, ningependa nimwambie mwenyewe."

Ni maneno ya kweli tupu. Lakini nyumbani kwa Shangazi kuna mjukuu wa kike, Rehema, aliyemaliza chuo, na mtu wa makamo kuja Jumamosi na kanzu, kifurushi na ujumbe, kwa wanawake wa Mbagala maana yake ni moja tu. Kigelegele cha kwanza kikapigwa papo hapo.

"Mshenga kaja! Rehema wee, mshenga kaja!"

Nikasema hapana, nikasema sivyo. Wakasema mshenga mwenye adabu hukana kwanza. Wakaniongoza hadi mlango wa bluu, vigelegele mbele, ndoo kichwani, watoto nyuma. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi ya msiba nikaingizwa kwa shangwe za posa. Rehema alitokeza kichwa dirishani, akaniona, akakifunga kinywa kwa mkono. Alinitambua.

Kisha Shangazi akatoka.

Mlango wa bluu

Amepungua. Wengine mnamkumbuka alivyokuwa na mwili. Alisimama na ungo wa mchele kiunoni, vigelegele vikanyamaza kimoja kimoja.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mke hajambo? Watoto?"

"Hawajambo wote."

Akaniangalia machoni, sauti haikubadilika. "Na wifi yangu hajambo?"

Wale wanawake hawakujua kilichoulizwa. Mimi nilikijua. Nikatia mkono mfukoni nikawasha simu, kwa vile usiku kucha nilikuwa nimeandika humo maneno ya kuomba radhi, marefu, mazuri, yenye aya ya Kurani na kila kitu. Nikaanza: "Shangazi yangu mpendwa, kwa unyenyekevu mkubwa..."

"Unanisomea?" akauliza.

Akanyoosha mkono. Nikampa simu. Akaitumbukiza kwenye mtungi mtupu uliokuwa mlangoni, akafunika na kifuniko chake.

"Rudi nje," akasema. "Toka kabisa, mpaka barabarani. Halafu uje upige hodi kama mtu aliyetumwa."

Nilitoka. Mtu mzima na kanzu yangu, nikapita katikati ya wanawake na ndoo, nikafika barabarani, nikageuka. Nikarudi mpaka kwenye mlango wa bluu.

"Hodi."

"Karibu."

"Hodi hapa."

"Karibu ndani, mwanangu. Kaa. Rehema, mpe mjomba maji."

Nikakaa kwenye mkeka. Nikapewa maji, nikanywa yote, maana mama alikuwa akisema mtoa habari ya msiba asiseme na koo kavu. Shangazi akakaa mbele yangu, miguu ameinyoosha, mikono juu ya magoti.

"Haya. Habari za utokako?"

Mnajua tunavyojibu. Hata nyumba ikiungua tunasema njema kwanza, kisha ndiyo tunasema ila. Nikasema:

"Njema, Shangazi. Ila..."

Akangoja. Hakunisaidia.

"Ila mama amefariki."

Hayo maneno sikuwa nimewahi kuyasema. Nataka mlielewe hili, ndilo nililoliandikia yote haya. Siku thelathini na tano, na mdomo wangu ulikuwa haujawahi kusema mama amefariki. Niliyatuma kwa kidole kwa ukoo mzima kwa mara moja, na maneno yenyewe ya jirani. Niliposikia sauti yangu ikiyasema ndani ya nyumba ya watu, nikayasikia kama mtu anayeambiwa. Nililia, jamani. Nililia kwa sauti, kwikwi juu ya kwikwi, siyo machozi ya pilipili.

"Wifi yangu?" Shangazi akauliza.

"Wifi yako."

"Lini?"

"Ijumaa, alfajiri. Kabla ya adhana."

"Nani alikuwa naye?"

"Mimi."

"Nani kamwosha?"

Nikawataja wale wanawake wa msikitini, majina niliyoyajua. Uso wake ukajikunja, akaukunjua kwa nguvu. Hilo halirudi, na wote wawili tulijua halirudi. Nikasema nisamehe. Hakujibu hilo. Akauliza:

"Alisema nini mwisho?"

Ningeweza kumdanganya. Watu husema marehemu alitamka shahada, marehemu alitaja jina lako. "Alianza kunieleza kitu jioni ya Alhamisi," nikasema, "nikawa naangalia simu. Nilipomwambia aendelee, akasema basi, si kitu. Akalala. Hakusema tena."

Mwanamke mmoja wa kisimani alikuwa ameshajua, anajifuta macho kwa mtandio. Shangazi akavuta kile kifurushi, akafungua khanga, akaiona mbuzi. Akautikisa ule mguu, umekaza. Akapitisha kiganja pale palipolainika.

"Najua alichotaka kukwambia," akasema.

"Nini?"

"Alitaka kukwambia unirudishie mbuzi yangu. Mwizi yule."

Akacheka, na kicheko chenyewe kikamgeukia katikati kikawa kilio, akajifunika ile khanga ya mama usoni, akalia kilio cha kumlilia wifi, kile cha kumtaja mtu na matendo yake, mwizi wangu wee, mtani wangu wee. Mwezi mzima alikuwa amekiweka. Wale wanawake wakavua kandambili wakaingia, wakakaa mkekani. Mkeka wa pili ukatandikwa. Waliokuja kuuliza kuna nini, Shangazi alininyooshea kidole tu, "Mwambie," nami nikamwambia kila mmoja aliyeingia, kwa mdomo, mama amefariki. Msiba wa mama ukaanzia Mbagala siku ile, na kwa mara ya kwanza nilikaa humo kama mfiwa.

Arobaini atakuja. Alisema atakuja siku mbili kabla, na kwamba nazi zote atazikuna yeye.

Watu walipotawanyika tulibaki sisi wawili. Rehema alileta vitumbua na chai ya rangi. Shangazi akaanza kunieleza siku mama alipoletwa kwetu kuolewa, jinsi alivyokataa kula mbele za mawifi, akakutwa jikoni peke yake anakomba ukoko. Sikuwahi kuisikia hiyo. Simu ililia ndani ya mtungi, sauti yake imefifia. Shangazi akakatisha maneno katikati, akanitazama, akangoja.

Nilikuwa namtazama yeye. Akaendelea.